Futikamba ya Fundi wa Kaloleni

Binti yake ndiye aliyenifuata. Alinikuta sokoni nakatakata mkungu wa ndizi mshare, akasema shikamoo mama, nikasema marahaba, halafu akasimama tu kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nikamuuliza, baba hajambo? Akasema hajambo, ila macho. Ule ukungu wa jicho moja umeingia na la pili, daktari amesema utolewe haraka, na baba hataki. Mara tatu wamempeleka hospitali, mara tatu amewatoroka. Mara ya mwisho alitoka na lile gauni la wagonjwa la kufunga mgongoni, akapanda gari, na watu wakampisha kiti kwa heshima wakidhani ni padri.

"Akichelewa ndiyo basi, haoni tena," akasema yule binti. "Njoo umseme, mama. Wewe anakusikiliza."

Nikacheka mpaka kisu kikaniponyoka. Fundi anisikilize mimi? Wakati mji mzima ndio uliokuwa unamsikiliza yeye, tena umefumba macho.

Ngoja nikwambie alikuwa mtu gani, utajua kwa nini nilicheka.

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, hayo sijui. Sikumuuliza, na yeye hakuniuliza yangu. Tulijuana barazani. Yeye na cherehani yake upande huu wa duka, mimi na ndizi zangu upande ule, pale Kaloleni, hatua chache kutoka uwanja wa mpira. Aliniita Mama Mshare, mimi nikamwita Fundi. Tulikaa hivyo miaka na miaka na hatukuona kama kuna kitu kimepungua.

Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo kichwani kutoka mlimani. Sijui kusoma. Lakini Mungu alinipa sikio. Mtu akisema mbele yangu maneno matatu, jioni nakurudishia maneno yake na kikohozi chake. Mchungaji ninaye, mwenyekiti wa mtaa ninaye, mkwe wangu ninaye mpaka anavyovuta kamasi. Fundi naye ninaye, ila sauti yake siwezi kuitoa nikiwa nimesimama. Lazima nikae kwanza, nimeze mate.

Ilikuwa sauti ya chini, ya taratibu, kama mtori wa ndizi unapoanza kuchemka, puu, halafu unasubiri, puu. Na hakuitumia hovyo. Ukimsalimia alikujibu kwa kichwa. Lakini akikuwekea futikamba yake begani kukupima, basi, hapo ndipo alipoanza:

"Simama hapa, mama. Miguu iachane kidogo. Bega. Hili bega limepanda, nani kalipandisha? Liache lishuke. Lishuke lenyewe. Kumi na sita. Mkono. Mzito huu mkono, umebeba nini tangu asubuhi? Kiache. Ishirini na mbili. Sasa kifua. Vuta pumzi. Itoe. Sasa usiivute, iache ijiendeshe, inajua njia."

Hapo mtu macho yameshakuwa mazito.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kichaga, mwenye duka la misumari na makufuli. Alikuwa amefiwa na mume, na tangu mazishi hajapata usingizi. Alikuja kupimwa gauni la kuondolea msiba. Fundi kafika kiunoni, mama kimya. Kafika kwenye urefu wa sketi, mama kimya. Kuangalia, mama kalala. Kasimama wima kama kuku juu ya kijiti, anakoroma kidogo kwa adabu. Fundi akanitazama, mimi nikamtazama Fundi. Akaninong'oneza, Mama Mshare, nimeua mtu? Nikamwambia maiti haikoromi. Basi akafikiri, akaona kama aliteremka naye kwa namba, atapanda naye kwa namba. Akaanza kurudi: ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili. Alipofika thelathini mama akafumbua macho, akajinyoosha, akasema, "Aisee, Fundi. Gauni limeshakuwa tayari?"

Wiki ile ile akarudi kupimwa tena. Na wiki iliyofuata. Huyo mama alipimwa mara kumi na moja kwa gauni moja.

Habari ikatembea. Mwenye jino akaja kupimwa kabla hajaenda kulitoa. Dereva aliyepinduka na lori na kuogopa usukani akapimwa suruali, akapanda lori siku ile ile. Bibi harusi aliyekuwa anatetemeka alipimwa mpaka akapiga miayo mbele ya mama mkwe. Wakasimama foleni barazani, na mimi ndizi zikauzika, kwa sababu mtu akiamka pale alikuwa na njaa kama mtoto.

Unadhani Fundi alifurahi? Alinuna. Kwa sababu ilikuwa miaka ile milango imefunguliwa na vitu vimeanza kuingia nchini. Kabla ya hapo mtu alipanga mstari apate kitambaa cha gauni, akikipata anakileta kwa Fundi kama anabeba mtoto mchanga. Sasa mitumba ikaja, marobota kwa marobota, kafa-Ulaya tulivyoiita, tukidhani ni nguo za marehemu wa huko, nani atashona? Walikuja kupimwa kwa Fundi, wakaamka wamepona, wakavuka barabara kwenda kununua mitumba. "Mimi ni fundi nguo," alikuwa ananiambia, "si mbembelezaji." Na ile cherehani ikakaa siku nzima inamtazama kama mke aliyenyimwa maneno.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Kila Krismasi nilimwambia, Fundi, mwaka huu unanishonea gauni. Kila Krismasi nikavaa kafa-Ulaya. Yeye alikuwa anasema tu, "Haya, Mama Mshare," na kuandika kitu kwenye daftari lake la vipimo. Baadaye nilikuja kujua alichokuwa anaandika.

Ng'ambo ya barabara alisimama bwana mmoja wa mitumba. Baba mzima ana tumbo, kapanda juu ya meza, koo kama tarumbeta. Huyo ninaye kabisa. "Mama njoo, mama usiogope, marehemu alikuwa mnene kama wewe! Shika, vuta, nusa, hii ni Ulaya yenyewe!" Anasema hivyo huku anapiga makofi, pa, pa, pa, na wewe unajikuta miguu inafuata makofi. Siku moja nilivuka kwenda kumwambia apunguze kelele. Nilirudi na nguo ya mtu wa kuteleza kwenye barafu. Suruali na koti vimeshikana, imejazwa pamba, ina zipu kutoka shingoni mpaka mahali pasipo pa kusema. Nilimpelekea mume wangu mlimani. Mume wangu akaivaa kwenda kukamua ng'ombe, na ng'ombe akamkataa.

Fundi aliniona nimerudi nayo mkononi. Hakucheka. Akaniuliza, "Mama Mshare, ulikuwa unaitaka hiyo?"

Nikasema hapana.

"Sasa nani alilala hapo? Wale wa kwangu au wewe?" Akasafisha miwani yake kwa ncha ya shati. "Mimi nikimlaza mtu, namuamsha. Hawa wanakulaza na kukuacha hivyo hivyo, unatembea."

Neno hilo lilinikaa. Maana miaka ile kila mtu alikuwa na kinywa. Mara mhubiri na spika kubwa uwanjani, anasema weka mkono juu ya redio upone. Mara redio yenyewe inaimba sabuni, mpaka unaosha sufuria unajikuta unaimba sabuni ambayo hata huna. Mara vyama, kila chama na gari lake na kofia zake za bure. Jirani yangu wa Ngarenaro, nilikopanga chumba, alikuwa na kofia nne za vyama vinne, na kila alipovaa moja aliongea kama wale wenye kofia hiyo. Nikamwambia Fundi, jirani yangu amekuwa kama mimi, anaiga. Akasema hapana. "Wewe unaiga na unajua unaiga."

Usidhani hakuna aliyemsema vibaya. Walisema ana dawa. Walisema zaidi wale wasiowahi kupimwa. Mzee wa kanisa akatumwa kuja kuchunguza. Mtu mrefu, mkavu, kola yake imepigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate. Akasema, "Fundi, nimekuja kupimwa koti, na macho yangu yatakuwa wazi." Fundi akasema sawa, yabaki wazi, wala mimi sihitaji macho, nahitaji bega. Hili bega limepanda, mzee, nani kalipandisha? Basi yule mzee akaanza kumtaja aliyelipandisha. Akamtaja mchungaji. Akataja kwaya. Akataja shemeji yake na mpaka wa shamba la kahawa. Kisha akalala, na kidevu kikakaa juu ya kola. Mimi nikazuia watu wasipite karibu, maana mambo ya shamba ni mambo ya ndani. Alipoamshwa akavaa kofia yake. Taarifa aliyopeleka kanisani, niliisikia kwa masikio yangu: "Huyo mtu hana pepo. Ana futikamba."

Kosa lake lilikuwa hapo. Watu wakasikia futikamba, wakaelewa dawa iko kwenye futikamba.

Juma lile lile ikaibiwa. Fundi alikwenda kunywa chai, akarudi, msumari anapoitundika mtupu. Tukajua mwizi kabla ya adhuhuri, kwa sababu ng'ambo ya barabara kelele zilikoma. Bwana wa mitumba ameshuka mezani, kaivaa shingoni, anasema taratibu kama mtu mwenye homa: "Mama, bega lishuke. Nunua. Kiuno kishuke. Nunua." Alimpima mama mmoja wa Kimasai aliyekuja kutafuta blanketi. Alipofika kifuani, mkono wa yule mama ulitua shavuni kwake na sauti yake ikafika mpaka kwetu. Jioni futikamba ikarudi, imekunjwa vizuri, na bwana akasema kwa aibu, "Fundi, hii yako imeharibika."

Lakini hakuchoka. Akaja na maneno ya kheri: basi Fundi aje siku moja tu, apime wateja pale mezani, wakishalegea yeye atawauzia. Fundi akakubali. Nilishangaa, nikamuuliza umekubali nini, akasema utaona. Siku hiyo alipima watu kutwa nzima. Akamwamsha kila mmoja, akamwambia polepole namba zake: wewe bega ni kumi na saba, kiuno thelathini na nne, mguu arobaini. Zishike. Basi mtu anageukia meza, anashika suruali, anaiangalia, anairudisha. Anashika nyingine, anairudisha. Ukishajua namba zako huwezi tena kuambiwa marehemu alikuwa kama wewe. Waliondoka mmoja mmoja mikono mitupu, wanatabasamu. Bwana wa mitumba akawa anatazama robota lake zima kama mtu aliyefiwa. Fundi akakunja futikamba, akasema, "Kiuno hakidanganyi. Kinachodanganya ni mdomo." Akavuka barabara kurudi kwake. Siku ile ndiyo niliyomwona akitembea kwa maringo.

Ila naye alikuwa na vituko vyake, usije ukanisikia ukadhani namtungia utenzi. Mpira ukichezwa uwanjani, yule yule mwenye sauti ya mtori alipanda ukuta akapiga kelele mpaka koo likakauka, na kesho yake anapima watu kwa sauti ya chura. Siku hizo hakulala mtu. Walikuja, wakapimwa, wakaenda macho kodo.

Na koti lake. Koti la Fundi lilikuwa la mtumba. Mikono mirefu mpaka kwenye vidole, mgongoni limevimba kama mtu aliyeficha kuku. Nilimcheka miaka. Nikamwambia, wewe ndiye fundi, kwa nini hujishonei? Akasema, "Nani atanipima?" Nikadhani ni utani.

Tena alikuwa mwoga wa daktari. Walipopita watu wa chanjo mtaani, Fundi alijifungia chooni mpaka wakaondoka. Mtu ambaye alimshika mkono kila mwenye jino wa Kaloleni.

Na mimi? Mimi hakuniweza. Alijaribu mara nyingi, kwa sababu mimi usingizi wangu siku zote ni wa kuku, jicho moja liko wazi. Ananiambia bega lishuke, na mimi namjibu kwa sauti yake, bega lishuke. Ananiambia kumi na sita, nami kumi na sita. Watu wanaanguka kwa kicheko. Mwisho alikunja futikamba akasema, "Huwezi kulala, Mama Mshare. Ndani umejaza watu. Nikimtuliza mmoja, mwingine anaongea."

Basi ndiye huyo niliyekuwa naambiwa nikamseme.

Nilikwenda nyumbani kwake Elerai Jumamosi mchana na mkungu mdogo wa ndizi. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, amevaa lile koti, cherehani imefunikwa shuka kando yake. Macho yamekuwa meupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Akageuza kichwa. "Nani huyo?"

Nikamjibu kwa sauti ya bwana wa mitumba. Akatabasamu. Nikamletea mzee wa kanisa na kola yake. Akacheka mpaka akajishika mbavu. Nilipomaliza akajifuta macho, akasema, "Umetumwa."

"Nimetumwa."

"Siendi."

Nikakaa. Nikamenya ndizi moja nikampa mkononi. Nikamwambia wote wamekwenda hospitali, hata mimi nilitolewa jiwe la nyongo, hata yule dereva wa lori. Akatafuna taratibu. Halafu akaniambia jambo ambalo hakumwambia binti yake.

"Wale wote niliwaambia bega lishuke kwa sababu nilijua nitawaamsha. Huyu daktari simjui. Akinilaza, nani ataniamsha?"

Nilitazama ukutani, nikaona futikamba inaning'inia kwenye msumari, imefifia mpaka namba hazionekani. Nikainuka nikaichukua.

"Simama, Fundi."

"Ya nini?"

"Simama. Anayepimwa amekaa au amelala, huyo ni wa seremala." Kwetu mlimani ndivyo tunavyoamini, kwamba mtu hupimwa kwa kulala mara moja tu, ya jeneza, na hapo hana tena cha kusema. Naye alikuwa anajua. Akasimama.

Nikameza mate. Nikamwekea futikamba begani, nikaanza, puu, nikasubiri, puu. "Hili bega limepanda. Nani kalipandisha? Liache lishuke. Lishuke lenyewe. Kumi na saba."

Akashtuka. "Hiyo sauti ya nani?"

"Yako."

Nikaona midomo yake inatikisika kama mtu anayehesabu. Watu wote wale wa barazani waliisikia sauti ile, na yeye peke yake hakuwahi kusimama upande wake wa pili.

"Kumbe," akasema. "Kumbe ndiyo hivyo."

"Mkono. Mzito huu mkono, umebeba nini?"

Bega likashuka. Nililiona likishuka ndani ya lile koti, kama gunia linapotuliwa chini. Nilipofika kifuani pumzi ilikuwa inajiendesha. Kalala, kasimama wima, kama yule mama wa makufuli. Binti yake alikuwa mlangoni na chai, akaweka mkono mdomoni. Nikamwacha kidogo alale. Halafu nikapanda naye, ishirini, ishirini na moja, mpaka thelathini, akafumbua yale macho ya maziwa.

"Utakuwepo?" akaniuliza.

"Nitakuwepo mlangoni. Nitahesabu kupanda."

Akafikiri. Akasema atakwenda, kwa sharti moja: arudishiwe futikamba yake, na mimi nisimame.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kumwiga. Akanipima kwa vidole, maana haoni, anahisi inchi kwa kidole gumba. Bega, akasema. Nikafungua mdomo nimrudishie, sikukuta sauti. Nikamtafuta mchungaji, hayupo. Bwana wa mitumba, hayupo. Mkwe wangu, hayupo, hata kamasi yake. Wote wametoka nje na kunifungia mlango taratibu. Kilichobaki ni mtu mmoja ndani, naye amechoka tangu asubuhi ya siku aliyoanza kubeba ndizi.

Nilipoamka chai ilikuwa imepoa na ngozi juu.

Hospitali alikwenda. Nilikaa kwenye benchi la mlangoni, nikahesabu kama nilivyoahidi, na nesi aliyekuwa anapita akapiga miayo, akaniambia, bibi, hesabu zako kafanyie kwingine. Nilifika thelathini, nikarudia tena, mpaka wakamtoa amefungwa macho, anauliza, "Umefika ngapi?"

Krismasi ile binti yake akaniletea kifurushi. Gauni la kitenge, mstari wa mshono umenyooka kama wa enzi zile, mifuko miwili ya kuwekea kisu na chenji. Kumbe kila mwaka niliomwahidi alikuwa ananiangalia kwa macho na kuandika kipimo changu kwenye daftari, anabadilisha nilivyokuwa nanenepa, na kile cha vidole pale uani kikawa cha mwisho. Nikalivaa kwenda kanisani. Kiunoni linabana, kama inchi moja hivi.

Nikampelekea neno kwamba macho bado hayajapona vizuri, amekosea kiuno. Akaniletea jibu kwa binti yake yule yule, nami nakupa kwa sauti yake mwenyewe, ngoja nikae: "Mwambie kiuno hakidanganyi. Aseme amekula nini."